Kabla Vikombe Havijaondolewa

Watu wakisikia niliwahi kufanya kazi kwenye Baraza, hudhani nilikuwa karani au mpiga chapa. Nilikuwa mpika chai. Shule yangu ni darasa la nne la kwetu Masasi, na kidogo nilichoongeza nilikiokota kwenye kisomo cha watu wazima hapa Kariakoo, tumekalia mabenchi ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Lakini katika jengo lile la Mchafukoge hapakuwa na mtu aliyejua kuliko mimi jinsi maamuzi yalivyopita. Yalipita mikononi mwangu, juu ya sinia.

Majina yao sitaandika. Wengine wamekufa, wengine bado ni wakubwa, na mimi sina wakili. Nitawataja kwa viti walivyokalia. Wenyewe wakisoma watajijua.

Baraza lilikuwa la nchi tano zilizofunga mkataba wa kulindana. Wakati ule ng'ambo ya mto Ruvuma watu walikuwa bado wanapigania uhuru wao, ndege za mkoloni zinawamwagia mabomu, na nchi hizi tano zilikuwa zimeapa kwamba ikipigwa moja zimepigwa zote. Kila nchi ilileta mjumbe wake. Walikaa watano kuzunguka meza moja ya mninga, ghorofa ya pili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kiti chake kilitazama mlango, kwa hiyo nilipoingia na sinia alikuwa wa kwanza kuniona.

Kura haikupigwa mle. Miaka minne niliyofanya kazi, sikuona mkono hata mmoja ukiinuliwa. Mwenyekiti alisoma karatasi, akamaliza, akailaza kifudifudi mbele yake na kusema, "Ndugu, karatasi iko mezani." Hapo ndipo nilipoingia mimi. Wakinywa chai, karatasi inasubiri. Mwenye neno aliseme. Akitokea mmoja tu akasema nchi yake haikubali, basi, hata kama ni nchi ndogo isiyo na ndege hata moja, karatasi inarudi kwa karani ikaandikwe upya. Wasiposema kitu, mwenyekiti alinitazama: "Mama Chai, ondoa vikombe." Kikombe cha mwisho kikigusa sinia, jambo limepita. Karani aliandika kwamba Baraza limekubaliana kwa kauli moja, ingawa mimi niliyesimama pale sikusikia kauli ya mtu.

Siku moja nilimwuliza mwenyekiti mbona hawapigi kura kama kwenye mikutano ya Chama. Alikuwa na furaha siku hiyo, akanijibu vizuri. Alisema kura ina mshindi na mshinde, na nchi iliyoshindwa mezani leo, kesho haitatoa askari wake kwa moyo mmoja. "Hapa hatumshindi mtu, Mama Chai. Tunasubiriana." Nikaona ni maneno ya hekima. Nikayabeba mpaka nyumbani kama zawadi.

Nyumbani kwetu ilikuwa Kariakoo, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, bomba moja. Mume wangu alikuwa dereva wa Baraza. Walikuwa madereva wawili wa malori mawili, wanapeleka unga, mablanketi na dawa kusini, kambi za wapigania uhuru. Akirudi alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikuwa namsugua mgongo uani huku nikimsimulia Baraza, yeye ananicheka.

"Kwa hiyo wakubwa wenyewe kazi yao kunywa chai?"

"Wanasubiriana."

"Hata sisi foleni ya sabuni tunasubiriana. Mbona hatujaitwa Baraza?"

"Wewe cheka tu. Mle hakuna anayeachwa. Mmoja akisema hapana, wote wanasimama. Ni wapi tena duniani mnyonge ana nguvu hiyo?"

Akajifuta maji usoni. "Basi ni vizuri," akasema. "Ni vizuri kujua."

Maneno hayo nilimwambia mimi. Nataka msomaji ayakumbuke, maana nitayarudia.

Katika wajumbe wale watano kulikuwa na mmoja niliyempenda kama baba mdogo. Nitamwita wa Kiti cha Dirishani. Mzee mpole, koti moja la kijivu mwaka mzima, nchi yake ndiyo ndogo kuliko zote. Hakunywa chai yenye sukari. Siku zile sukari ilikuwa ya foleni, unaamka na mfuko wako, unafika dukani imekwisha. Yeye fungu lake la sukari alilifunga kwenye karatasi na kunitilia chini ya kitambaa cha sinia bila kusema neno. Uji wa nyumbani kwangu ulikuwa na sukari ya mzee yule. Na yeye peke yake, wakati wa kuondoa vikombe, hakuniacha niiname. Alininyooshea kikombe chake mkononi.

Masika ya mwaka wa nne ilikuwa mbaya. Bonde la Jangwani lilijaa maji mpaka watu wakawa wanatoa vitanda vyao kwa mitumbwi. Nilipita Mnazi Mmoja kila asubuhi nikienda kazini, viatu mkononi, nawaza kama hapa ni hivi, Ruvuma je? Mume wangu alikuwa ameondoka wiki mbili.

Jibu nililipata kwa karani. Karani wa Baraza alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliniita kwenye chumba chake cha mashine ya chapa, akafunga mlango.

"Dada, kaa."

"Sema nikiwa nimesimama."

Malori mawili yalikuwa yamevuka Ruvuma kwa pantoni, pantoni ndogo ya mapipa, si kama ile ya Magogoni. Yamefika kambini, yameshusha mzigo, na wakati wa kurudi mto umefurika na pantoni imechukuliwa na maji. Madereva wako ng'ambo na majeruhi wa kambi. Ndege za mkoloni zimeshaiona kambi. Wameomba kwa redio ya kambi watumiwe boti za jeshi wavushwe. Lakini askari wa nchi yoyote kati ya tano akivuka mto kwa sare, ni kama nchi zote tano zimevuka. Kwa hiyo lazima Baraza zima likubali.

"Litakubali," nikasema.

"Inshallah. Kikao ni keshokutwa."

Nilishuka ngazi, nikamkuta mzee wa Kiti cha Dirishani anapanda. Sikuwahi kumwomba kitu. Siku hiyo niliweka sinia chini, nikapiga goti palepale kwenye ngazi.

"Shikamoo baba. Mume wangu yuko ng'ambo."

"Marahaba, mwanangu. Najua. Inuka." Alinishika kiwiko. "Nchi yangu ni ndogo, lakini kiti changu ni sawa na chao. Mimi nikiwepo, watu wale hawataachwa. Nitasema."

Nitasema. Neno hilo nililishika. Nikarudi nalo Kariakoo, na ndilo nililowatulizia wanawake.

Maana mke wa dereva wa pili alikuwa amekwisha sikia. Mzaramo wa hapohapo Kariakoo, muuza vitumbua, mdomo wake hauna kufuli. Nilimkuta uani kwangu na wanawake wengine kama kumi na tano wa mtaa wetu, kanga zimefungwa kibwebwe. Walitaka keshokutwa alfajiri twende wote Mchafukoge, tukae chini mlangoni kwa Baraza, wajumbe waturuke wakipita.

"Waturuke," alisema. "Wakiwa na haya hawataruka. Na wakiruka tutashika suruali."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu. Niliona jinsi wajumbe watakavyonitazama, mimi mtu wa ndani, nimekaa chini kwenye sakafu ninayoipiga deki.

"Mkifanya hivyo mtaharibu," nikawaambia. "Mle ndani hawasukumwi. Nina mtu. Ameniahidi kwa mdomo wake. Mmoja akisema tu, imetosha."

"Shoga, una hakika?"

"Nina hakika."

Akanitazama kwa muda. Halafu akafungua kibwebwe chake, polepole, wengine nao wakafungua. "Haya. Wewe ndiye unayewajua."

Siku ya kikao nilipika chai ya moto kuliko siku zote. Nilichukua buli kubwa na vikombe vikubwa vya wageni. Nilijua kazi yangu: chai ikikaa sana mezani, neno lina nafasi. Nikasimama nyuma ya mlango nisubiri.

Mwenyekiti akaanza kusoma. Alisoma Kiingereza, halafu kama kawaida Kiswahili kwa ajili ya mjumbe mmoja asiyejua kile cha kwanza. Ndipo nilipoisikia karatasi yenyewe. Haikusema boti zipelekwe. Ilisema boti zisipelekwe mpaka mto upungue, na watu walio ng'ambo wangoje pale walipo.

Labda msomaji hajaona tofauti. Mimi niliiona papo hapo. Kama karatasi ingesema boti ziende, wote wakinyamaza, boti zinaenda. Ukimya wao ungemwokoa mume wangu. Mtu mmoja aliigeuza ile karatasi, na kwa kuigeuza tu, ukimya uleule ukawa wa kumwacha. Karani alikuja kuniambia baadaye. Alikuwa ameichapa ya kwanza, ya boti kwenda, na mwenyekiti akamrudishia na wino mwekundu. "Andika hivi. Hivi hakuna atakayelazimika kusema hapana." Karani akaandika. Hakuniambia siku ile. Siku mbili nzima tunapishana kwenye korido, ananisalimu, ananyamaza. Basi, hao wawili nimewataja.

"Ndugu, karatasi iko mezani."

Nikaingia. Kiti cha Dirishani kilikuwa kitupu. Koti lake la kijivu lilikuwa kwenye egemeo la kiti, yeye hayupo. Nikamtazama karani, naye akanionyesha chini kwa jicho. Mzee alikuwa chumba cha simu. Alikuwa ameomba laini ya kwao tangu asubuhi na sasa imeingia. Anataka ruhusa ya serikali yake ndipo aseme.

Nikamimina chai polepole kama mtu anayemimina dawa. Kiti cha kushoto kwa mwenyekiti, mjumbe mwenye jeshi kubwa, ndiye mwenye boti. Alikuwa anachora mistari kwenye karatasi. Boti ni zake, watu ni wa wote, akachora mistari. Nimemtaja. Wale wengine wawili walizungumza kwa chini habari za mvua, kwamba nyumba za Jangwani zimekwenda na maji. Mmoja alisema, "Maskini." Ni hilo tu nililolisikia likitamkwa kwa huruma kikao kizima, na liliwahusu watu wengine. Na hao nao nimewataja.

Vikombe vikaisha. Nikaongeza bila kuulizwa.

"Mama Chai, leo unataka kutuzamisha?" mwenyekiti akasema, wakacheka.

"Mvua, ndugu mwenyekiti. Baridi."

Nikaongeza tena. Mwenye jeshi kubwa akafunika kikombe chake kwa kiganja. Nilikuwa sina pa kumimina zaidi. Nikawa nafuta matone ambayo hayapo, nafuta, nafuta, sikio langu liko kwenye ngazi. Mwenyekiti akatazama saa yake. Akatazama kiti kitupu. Akafungua mdomo, na ndipo mlango ukasukumwa.

Mzee aliingia. Nilisema kimoyomoyo, haya, baba, sema sasa. Alikaa. Nikamwekea chai yake isiyo na sukari. Hakuna aliyemwuliza kitu, maana utaratibu wao ulikuwa huo, mtu haulizwi. Alikoroga. Chai isiyo na sukari, anakoroga. Kijiko kinagonga kaure, ting, ting, na wote wanne wanasubiri, na mimi nasubiri.

Halafu akanywa. Alikunywa chai yote ya moto kama maji, mpaka machozi yakamlenga. Na kabla mwenyekiti hajaniambia kitu, alininyooshea kikombe.

Alininyooshea kama siku zote ili nisiiname. Nilikipokea. Ndiyo, nilikipokea. Mkono umezoea, umekwenda wenyewe. Nimekaa miaka mingi nikiuliza ingekuwaje kama ningekiacha hewani, au ningeangusha sinia zima, vigae vikatawanyika miguuni pao. Lakini mpika chai mwenye darasa la nne, meza ya nchi tano, niliona nitavunja vyombo vya serikali.

"Ondoa vikombe, Mama Chai."

Kikombe cha mwisho kikagusa sinia.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu, mvua inaninyeshea. Mke wa dereva wa pili alikuwa kwenye jiko lake la vitumbua, kibarazani kwao. Aliutazama uso wangu, akaumwaga mtaroni ule unga uliobaki.

"Tungekaa mlangoni," akasema. Basi. Hajalirudia neno hilo hadi leo, na ndiyo maana naliogopa.

Mto ulichukua wiki tano kupungua. Wiki ya sita dereva wa pili alitokea uani kwetu, amekonda, miguu imevimba, kiatu kimoja. Mkewe alimrukia akamwangusha. Mimi nilisimama mlangoni pa chumba changu natazama nyuma yake, nani anafuata. Hakufuata mtu.

Walipomlisha uji alinisimulia. Wenyeji wa kule waliwaambia kuna mahali juu, mwendo wa siku nne kwa miguu, mto unatambaa juu ya mawe, mtu anaweza kuvuka kwa kamba. Yeye alitaka waondoke siku hiyohiyo. Lakini redio ya kambi ilikuwa imeleta habari kwamba Baraza linakaa kuzungumza habari zao, wasitawanyike.

"Nilimwambia twende, bwana, achana na redio," alisema. Alikuwa anazungumza na bakuli, si na mimi. "Akanijibu: 'Wewe hulijui Baraza. Mke wangu yuko mle ndani kila siku. Hawamwachi mtu wale. Mmoja akisema tu, wote wanasimama.' Nikamngoja siku tatu. Ya nne nikaondoka. Nimefika yale mawe ndipo nikasikia ndege zinapita kwenda kambini."

Msomaji, nilisema nitayarudia maneno yangu. Nimeyarudia, ila kwa mdomo wa aliyekufa.

Matanga tuliweka bila maiti. Mikeka uani, wimbo wa kanisani, chungu cha chai kwenye mafiga. Siku ya pili mchana wajumbe walituma salamu na gunia la mchele. Yule wa Kiti cha Dirishani peke yake ndiye aliyekuja. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka karibu na godoro langu, koti lilelile. Mke wa dereva wa pili alimpa chai. Ilikuwa na sukari, maana yeye hakujua, na mzee hakusema. Alikunywa yote.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "wale wenye jeshi kubwa walikuwa wameshikilia meli zetu za mafuta bandarini kwao. Nilipopiga simu niliambiwa nisiwaudhi. Niliambiwa ninyamaze."

Kumbe ilikuwa mafuta. Nilikuwa nasikiliza wanawake wakiimba.

Alipomaliza aliunyoosha mkono wake wenye kikombe kuelekea kwangu, bila kutazama, kama alivyozoea. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Niliiacha palepale. Kikombe kikakaa hewani. Wanawake waliacha kuimba mmojammoja mpaka wimbo ukakatika, uani pakawa kimya. Nilimtazama mpaka akanitazama.

"Mzee," mke wa dereva wa pili akasema kutoka mafigani, "humu hakuna mwondoa vikombe. Bomba liko pale."

Mjumbe wa nchi aliinuka pekupeku. Alikwenda bombani, akachuchumaa, akakiosha kikombe kwa vidole vyake, nje na ndani, akakiosha tena, maji yanamlowesha koti. Akakipindua juu ya jiwe pamoja na vya wengine. Akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Mtu aliyempatia mume wangu tumaini la kumngojesha kule ni mimi, nimejitaja wa mwisho. Kazini sikurudi tena. Nilisikia walipata mpika chai mwingine, mwanamke wa Buguruni, mtulivu, na kwamba karatasi zinapita vizuri.